Kijiti cha Mama Rehema

Jumanne, 1 Julai

Baridi. Kalamu imegoma, nimeipulizia pumzi ya moto ndipo ikaandika. Baada ya sala ya alfajiri nimerudi kulala kidogo, kosa langu la kila siku, na yule mtoto amekuja tena. Mara ya nne sasa. Msichana mdogo, miaka mitano hivi, anatembea peku katikati ya mizinga yangu. Nyuki wanamzunguka na hawamdhuru. Anatembea kama marehemu mama, bega moja mbele. Hageuki. Namfuata na miguu haitoi sauti.

Nimeamka nina furaha ya kipumbavu. Nimemsimulia mke wangu akiwa uani anapepeta mahindi. Nimemwambia huyo ni Maimuna, anakuja, jina la mama linarudi nyumbani. Akasema inshallah. Akaendelea kupepeta.

Tunao wanne. Rehema, Yusufu, Salima, na Bakari anayekaribia miaka minne. Mama alizaa kumi na mmoja. Nashangaa kwa nini sisi tumesimama.

Madrasa jioni. Watoto wamekohoa kuliko walivyosoma.

Alhamisi, 3 Julai

Porini tangu asubuhi. Nimerina mizinga sita. Asali ya mwaka huu ni nyepesi, rangi ya chai isiyo na maziwa. Saa za mchana msitu wa huku Rungwa una sauti moja tu, ile ya nyuki, mpaka mtu anasahau kama inatoka nje au ndani ya kichwa chake. Nilikaa chini ya mninga na bomba la moshi linafuka pembeni. Sikuwaza kitu. Labda nililala macho wazi.

Kurudi nimemkuta Mzee Shabani, mwenyekiti wetu wa msikiti, ananisubiri barazani. Nesi wa zahanati ametangaza mkutano wa uzazi wa mpango, wanawake na waume zao. Mzee anataka Ijumaa ya wiki ijayo, baada ya sala, nitoe darsa watu wajue msimamo wa dini kabla hawajaenda huko. Nimekubali. Kazi nyepesi. Mwaka jana nililisema jambo hili hili nikamaliza kwa dakika kumi: rizki anatoa Mungu, kuzuia uzazi ni haramu. Hakuna aliyeuliza swali.

Mke wangu aliniletea maji ya kunawa wakati mzee anaongea. Alisikia yote.

Jumamosi, 5 Julai

Niandike polepole.

Saa sita mchana kundi la nyuki lililohama lilitua kwenye paa la jiko. Mke wangu alikuwa ndani anaepua chungu. Moshi ukawachokoza. Nilimsikia akiita jina langu, si Baba Rehema, jina langu lenyewe, Idi, nikajua kuna jambo. Nilimfunika blanketi nikamwingiza chumbani. Ameumwa shingoni, usoni, mikononi. Hakulia.

Miiba ya nyuki haibanwi kwa vidole. Ukiibana unamalizia sumu ndani. Unaikwangua kwa ukucha, mmoja mmoja. Nilianza shingoni nikashuka. Nilifurahi hata, Mungu anisamehe, maana zamani sijamshika hivyo, polepole, mchana, mlango umefungwa na watoto wako kwa mama yake mdogo. Nilipofika mkono wa kushoto, upande wa ndani, juu ya kiwiko, kidole kiligusa kitu kigumu chini ya ngozi. Chembamba, kama njiti ya kiberiti. Nikakisukuma, kikacheza.

Nikamwambia una mwiba wa zamani hapa, umeota nyama. Angeweza kusema ndiyo. Ningeamini. Alitazama ukuta kwanza.

"Si mwiba," akasema. "Ni kijiti cha uzazi."

Niliendelea kukwangua. Sijui kwa nini. Nilikuwa nimebakiza mitatu, nikaitoa yote mitatu. Nikauliza tangu lini. Tangu Bakari alipoanza kutembea. Miaka miwili na zaidi. Nikahesabu ndoto. Nikahesabu dua zangu za baada ya sala, mikono juu, namwomba Mungu mtoto, na yeye nyuma yangu kwenye mkeka wake anaitikia amina.

Nikatoka nje. Nyuki walikuwa bado juu ya paa, kundi jeusi linaning'inia kama matiti ya mbuzi. Nimewatazama mpaka wakaondoka.

Jumapili, 6 Julai

Sijasema naye. Uso wake umevimba, jicho moja limefunga. Rehema ndiye aliyepika.

Nina hasira. Nina aibu pia. Sijui ipi imeanza.

Jumatatu, 7 Julai

Nimesema naye asubuhi, watoto wakiwa wamekwenda shule. Nilikuwa nimepanga maneno mengi. Yametoka machache. Nimemwambia amenidanganya mbele ya Mungu, kwenye mkeka wa sala. Akasema ni kweli. Nikangoja ajitetee. Hakujitetea. Hilo likanikasirisha zaidi.

"Kakitoe," nikamwambia.

"Nimesikia, Baba Rehema."

Basi. Akachukua ndoo akaenda kisimani. Nami nimefunga mzigo, unga, chumvi, bomba la moshi, daftari hili. Nakwenda kambini. Watu watajua ni msimu wa kurina. Ni kweli ni msimu. Lakini nakimbia nyumba yangu, na ninaandika hapa kwa sababu hakuna pengine pa kusema.

Jumanne, 8 Julai. Kambini

Wenzangu wawili wa kambi wameshuka na asali yao jana. Niko peke yangu. Vizuri.

Ukungu mpaka saa tatu. Miti inaonekana nusu, nusu ya juu imefutika. Nimesali kwenye majani makavu na kila sijda majani yanalia. Nilitaka kuomba nikakosa la kuomba. Nimekaa hivyo hivyo muda mrefu.

Nimejaribu kuandaa darsa ya Ijumaa. Nimeandika mistari mitatu nikaifuta. Kila neno linaniuliza: na nyumbani kwako?

Nimerina mzinga mmoja tu. Nyuki walikuwa wakali, au mikono yangu ilikuwa na haraka. Wanajua.

Jumatano, 9 Julai. Kambini

Alfajiri yule mtoto amekuja. Safari hii mizinga haikuwepo. Ilikuwa barabara, ile ya vumbi jekundu ya kwenda Itigi, ndefu, haina gari. Alikuwa amekaa katikati ya barabara anachezea mchanga. Nikamwita Maimuna. Akageuka kwa mara ya kwanza. Uso wa kawaida, uso wa mtoto yeyote. Akaniuliza mama yuko wapi. Nikafungua mdomo nikaamka.

Jua lilikuwa limepanda. 

Naijua hiyo barabara imetoka wapi. Niandike, maana sijawahi kuandika.

Siku Bakari alipozaliwa, mtoto alitoka salama hapa zahanati, damu ikakataa kusimama. Nesi wa wakati ule alifanya alichoweza, akasema hospitali kubwa, sasa hivi. Tulipata gari la mfanyabiashara wa mbao. Tukamlaza mke wangu nyuma kwenye godoro. Saa nyingi njiani. Mashimo. Kila shimo alikuwa anatoa sauti ndogo, halafu kuna shimo moja hakutoa sauti. Godoro lilikuwa la maua ya bluu. Tulipofika maua hayakuonekana.

Walimwongeza damu ya watu watatu. Amepona kwa rehema za Mungu. Siku ya nne daktari, mama mfupi mwenye miwani, aliniita pembeni ya wodi. Akaniambia huyu apumzishwe miaka mingi, na mimba nyingine kule mlipo, mbali na hospitali, ni kucheza na maisha yake. Nikamjibu Mungu ndiye mjuzi. Akanitazama. Nikaona amenidharau, nikakasirika, nikarudi nyumbani na hasira hiyo badala ya maneno yake.

Sikumwambia mke wangu alichosema daktari. Nadhani alikuwa ameambiwa na yeye mwenyewe. Miezi michache baadaye aliniambia anaogopa kuzaa tena. Tulikuwa tunayeyusha nta, nakumbuka harufu. Nikamwambia asubiri, avumilie, mama yangu alizaa kumi na mmoja kwenye nyumba ya udongo. Hakulirudia tena jambo hilo. Nikafikiri hofu imekwisha.

Leo nimeiona hofu ile ilikokwenda. Ilikwenda kwenye mkono wake, ikalala chini ya ngozi.

Alhamisi, 10 Julai. Itigi

Nimetoka kambini kabla ya jua nikatembea mpaka barabara kuu. Lori la mbao limenichukua. Sikwenda nyumbani. Nimekwenda kwa Sheikh Mussa aliyenifundisha nikiwa kijana. Siku hizi macho hayamruhusu kusomesha sana. Anatengeneza vyerehani barazani kwake, kwa kugusa tu. Nilimkuta amefungua cherehani chote, vyuma vimepangwa kwenye gunia.

Nilimpa shikamoo nikakaa. Nikamweleza. Nilimweleza kama kesi: mke amemficha mume, ameweka kijiti bila ruhusa, hukumu yake ni nini. Alinisikiliza huku anapangusa skrubu kwa mafuta. Nilipomaliza akaniuliza kama ulikuwapo ugonjwa. Ikabidi nimweleze na barabara. Na daktari. Hapo akaweka skrubu chini.

Nayaandika aliyosema kadiri ninavyokumbuka. Kwamba masahaba walikuwa wakifanya azli, yaani mume kumwaga nje, wakati Mtume yu hai na wahyi, ufunuo wa Mungu, unashuka, na hawakukatazwa. Kwamba wanazuoni wamekhitilafiana tangu zamani: wengi wameruhusu, wengine wamelichukia bila kuliharamisha, wachache wamelikataza. Kwamba dawa na vijiti vya muda wengi wa siku hizi wamevipima kwa azli ile, ikiwa havimdhuru mwanamke, na wawili wamekubaliana. Kufunga kizazi moja kwa moja ni jambo jingine, hilo haliendi ila kwa dharura. Kutoa mimba ni jambo jingine kabisa, tusilichanganye. Na ile aya ninayoipenda, ya kutowaua watoto kwa kuogopa umaskini, imewataja watoto waliokwisha kuwapo. Anayeogopa rizki aambiwe rizki. Anayeogopa kufa kwa sababu alishakaribia kufa, huyo usimsomee aya ya rizki.

Nikasema lakini hakuniomba ruhusa. Nilisema kwa nguvu, hilo ndilo lililokuwa limebaki mkononi mwangu.

Akasema mke wangu alikosea kunificha, na amina yake ile ataulizwa yeye. Kisha akasema wanazuoni wengi wa kale walipoandika juu ya azli, ruhusa waliyoitaka ni ya mke. Mume ndiye aombe. Kwa sababu mtoto ni haki ya mke pia, na mwili anaobebea ni wake.

"Wewe ulimwomba lini?" akaniuliza.

Nikamwambia ndoto. Nikamsimulia Maimuna mpaka mwisho, mpaka barabarani. Nilidhani angalau hapo atalainika, maana anapenda ndoto, zamani alikuwa anatutafsiria.

"Umeota wewe," akasema. "Atakayezaa ni yeye."

Akarudi kwenye skrubu zake. Binti yake akaleta uji. Nimekunywa nikiwa sioni.

Ijumaa, 11 Julai. Itigi

Hakuna gari la kurudi. Nimesali Ijumaa hapa, safu ya nyuma, msafiri asiyejulikana. Huko nyumbani Mzee Shabani amengoja darsa na mtoa darsa hayupo.

Mchana nimetembea mpaka karibu na reli. Upepo, vumbi, mbuzi. Nimekaa juu ya jiwe nikawa naona mambo kama kupitia maji. Nilimwambia akakitoe. Neno moja. Naye akasema nimesikia. Mke wangu akisema amesikia, huwa anatenda.

Nimempigia simu mara tano. Haipatikani. Kule mtandao hadi upande kichuguu.

Jumamosi, 12 Julai

Nimefika alasiri. Alikuwa uani anaanika mboga za kukausha. Uvimbe umepungua. Mkono wa kushoto umefungwa bandeji nyeupe.

Jumatano alikwenda zahanati. Jumatano, wakati mimi nimekaa porini naandika habari za godoro. Nesi alimuuliza mara tatu kama ana hakika. Akamwambia mume wangu ameagiza.

Nilikaa kwenye kinu. Nilikuwa nimebeba maneno yote ya Sheikh kutoka Itigi kama mtu aliyebeba maji kwenye viganja, na nimefika yamekwisha. Nikamwambia nimekosea. Nikamwambia mwaka jana nilisema kitu nisichokijua, na Jumatatu nikamwamrisha kitu nisicho na haki nacho. Alikuwa anageuza mboga. Akasema chakula kipo ndani.

Nimehamia stoo, kati ya ndoo za asali. Nimemwambia nitalala huko mpaka yeye atakaposema. Watoto nimewaambia nalinda asali dhidi ya siafu. Yusufu amenitazama kama mtu mzima.

Jumapili, 13 Julai

Ameniwekea blanketi la pili mlangoni mwa stoo.

Jumatatu, 14 Julai

Leo amesema.

Watoto walikuwa shule, Bakari amelala. Nilikuwa nachuja masega. Alikuja akakaa kwenye ndoo iliyopinduliwa, si karibu, si mbali. Jua lilikuwa linaingia kwenye tundu za ukuta, vijiti vya mwanga vimejaa vumbi, na nyuki wawili watatu waliofuata masega wanapita humo. Alianza kusema bila kunitazama. Sauti yake ilikuwa ya mtu anayesimulia jambo la jirani.

Anakumbuka barabara yote. Nilidhani hakumbuki. Alisema baridi ilianza miguuni ikapanda, na haikuuma, ilikuwa kama kuingia bwawani. Alisema alikuwa anaona matawi ya miti yanapita juu na alitamani kulala, tamu, hajawahi kuona usingizi mtamu kama ule. Akawa anataja watoto moyoni ili asilale. Rehema, Yusufu, Salima. Na yule mpya hakuwa na jina bado, kwa hiyo kila akifika kwake alikuwa anakwama, na kukwama huko ndiko kulikomshika.

"Na wewe ulikuwa unanisomea Yasini," akasema. "Nikajua umeshaniaga."

Ni kweli. Nilimsomea Yasini. Nilikuwa nimemshika mguu na ninasoma. Nilidhani namsaidia.

Akasema alitaka kuniambia ninyamaze, mdomo haukufunguka. Akasema tangu siku hiyo, kila nikimsimulia Maimuna, anasikia baridi miguuni. Hachukii watoto. Hata Maimuna hamchukii. Anamwona na yeye wakati mwingine, kwa jinsi nilivyomsimulia sana. Lakini kwenye picha yake mtoto anashikwa mkono na mwanamke mwingine.

Nililia. Ni mara ya kwanza amenishuhudia. Yeye hakulia. Alichukua kijiko akalamba asali kidogo, akasema hii ina moshi mwingi, akaenda kumwangalia Bakari.

Alhamisi, 17 Julai

Siku mbili hizi nimekuwa kama mgonjwa anayepona. Natembea, nasikia ndege, nasahau nilikuwa nakwenda wapi. Baridi kali asubuhi, mchana mwanga mweupe mno. Bado naumia kwamba alinificha. Niliandike hilo pia. Namwelewa na bado naumia, vyote viwili viko, hakuna kinachomtoa mwenzake.

Mzee Shabani amekuja. Ananitaka kesho nitoe ile darsa. Mkutano wa nesi uliahirishwa, utakuwa wiki ijayo. Nimemwambia nitatoa.

Ijumaa, 18 Julai

Nimetoa.

Sikumtaja mke wangu wala nyumba yangu. Nilisema mwaka jana nilikaa hapa nikaharamisha jambo bila kulisomea, na anayesema juu ya dini bila elimu amejibebesha mzigo, kwa hiyo leo naurudisha. Nikaeleza azli. Nikaeleza khitilafu ya wanazuoni, sikuficha upande wowote. Cha muda na cha kudumu. Mimba iliyokwisha kuingia haiguswi. Asiyetaka asilazimishwe na nesi, na anayeogopa asilazimishwe na mume. Nyuma ya pazia la wanawake nilisikia mtoto mmoja tu, anagonga kitu sakafuni.

Mzee Shabani alisimama. Hakupandisha sauti, hajawahi. Alisema ana watoto tisa, hakuna aliyelala njaa hata siku moja, na umma huu unapaswa kuongezeka. Akasema wageni wanaleta vijiti leo, kesho wataleta nini. Akasema Ustadh Idi tunampenda, ila ametuyumbisha. Watu wengi walitikisa kichwa kukubali. Nilimjibu kwamba tisa wake ni neema na Mungu awahifadhi. Nikamwambia mimi sisemi watu wazae wachache. Nasema tusiwazike mama zao.

Niliteleza kidogo kwenye neno hilo. Nadhani baadhi walielewa.

Baada ya darsa mzee alinishika mkono nje. Ndiye aliyenipa mizinga yangu miwili ya kwanza, nilipokuwa sina kitu. Akasema nipumzike kutoa darsa kwa muda. Nikasema sawa, mzee wangu. Hana roho mbaya. Anaogopa kitu, na mimi najua kuogopa kunavyokuwa.

Nyumbani mke wangu alinikaribishia chakula. Alipokuwa anaondoa sahani ndipo akasema, kama anayetaja habari za soko:

"Nesi yupo zahanati Jumatano."

Nikasema nitakwenda na wewe, kama unataka. Akasema anataka.

Jumapili, 20 Julai

Mkeka mmoja wa madrasa umebaki mtupu. Wajukuu wa mzee, na watoto wa nyumba mbili za jirani. Nimewafundisha waliokuja. Salima amesoma sura nzima bila kukosea, nikampa kipande cha sega.

Inauma. Nilikuwa napenda kuitwa Ustadh. Sikujua ninapenda kiasi hiki.

Jumatano, 23 Julai

Zahanati. Nesi Eliza, binti wa Kinyiramba, mdogo, anasema haraka. Alitutazama wote wawili. Nilidhani atanisema, nilistahili. Alinipa kiti.

Alieleza njia zote, moja moja, madhara yake pia. Kichwa kuuma, hedhi kuvurugika. Mke wangu aliuliza maswali. Alijua kuuliza, maswali mazuri, mafupi. Nimeishi naye miaka kumi na minne na sijawahi kumsikia akiuliza maswali mengi hivyo. Akachagua kijiti tena. Miaka mitatu, kisha ataangalia.

Kabla ya sindano ya ganzi alinigeukia. Si kwa kuomba ruhusa. Alinitazama kama anayetaka kuona nimesimama wapi. Nilikuwa nimesimama pale. Nikamwambia ni wewe useme. Akamwambia nesi aendelee.

Mkono wa kulia safari hii. Niliangalia mpaka mwisho. Kidogo mno. Tone moja la damu, nesi akalipangusa kwa pamba.

Tulirudi kwa miguu, taratibu, barabara nyeupe kwa jua. Watu walitusalimia. Wengine waliangalia bandeji, wakaniangalia mimi. Tuliitikia salamu zote. Karibu na nyumbani aliniambia nirudishe blanketi zangu ndani, siafu wamekwisha.

Jumamosi, 2 Agosti. Kambini

Amekuja nami porini. Hajawahi kuja, miaka yote hii. Watoto wako kwa mama yake mdogo mpaka kesho. Alisema anataka kuona ninakokwenda.

Nimemwonyesha mizinga. Aliuliza kila mmoja una umri gani. Alifunika uso kwa chandarua, akasimama karibu kuliko nilivyomruhusu, na nyuki walimpita. Tumekula ugali na asali ya masega, mikono inanata, hatuna maji ya kutosha ya kunawa, akacheka. Kisha tumesali adhuhuri, mimi mbele, yeye nyuma.

Sasa amelala kwenye mkeka chini ya mninga. Ni alasiri, msitu umetulia, majani yanaanguka moja moja bila upepo. Nimetundika khanga yake kwenye tawi imkinge. Jua likisogea, nami naisogeza.

Nilikuwa nimebakiza mzinga mmoja wa kurina leo. Nimeuacha. Mchwa wanapanda ukingoni mwa mkeka, nawapangusa kwa jani. Anapumua vizuri.